Urubani: kozi ya mkupuo au hatua kwa hatua?

Anayetaka kurusha ndege za abiria ana njia mbili. Kwa mkupuo, unaingia chuoni ukiwa hujawahi kushika usukani na kusoma mfululizo mpaka leseni ya rubani wa biashara, yaani ya kurusha ndege kwa malipo. Kwa hatua, unaanza na leseni ya rubani binafsi, ya kuruka bila malipo, unakusanya saa za kuruka, kisha unasomea ya biashara, ukilipa kadiri mfuko unavyoruhusu.

Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, mkupuo ulioidhinishwa unaweza kukupa leseni ya biashara kwa saa 150. Nje ya hapo ni 200. Saa 50 angani ni pesa nyingi mno. Lakini mkupuo hudai ada kubwa kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wazazi huuza shamba. Chuo kikifungwa katikati, kurudishiwa pesa hizo ni kazi.

Adui wa hatua kwa hatua ni mapengo kati ya masomo. Asubuhi pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mwanafunzi hukinga mafuta kidogo kutoka kwenye bawa la Cessna, ndege ndogo ya mafunzo, akakiinua kikombe kwenye mwanga kutazama kama yana maji. Anayeruka kila wiki hafikirii mara mbili. Aliyekaa miezi mitatu nje husita, na masomo ya kurudia hulipiwa upya.

Mimi ningeshika hatua kwa hatua, ila nisianze hatua yoyote kabla ya kuwa na ada yake yote mkononi. Na kwa njia zote mbili, kapime kwanza afya ya daraja la kwanza, ile anayotakiwa kuwa nayo rubani wa biashara, kabla hujatoa hata shilingi.