Seva ya hifadhidata kubwa: RAM kwanza, prosesa baadaye

Wengi wakitaka seva ya hifadhidata huuliza kwanza prosesa ina viini (cores) vingapi. Mimi ningeanza na swali jingine: kati ya data zako zote, zinazoguswa kila siku ni kiasi gani? Hifadhidata ya terabaiti 2 inaweza kuwa na gigabaiti 150 tu zinazosomwa mara kwa mara, nyingine zikawa rekodi za miaka iliyopita. Sehemu hiyo ikienea kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, seva hujibu upesi hata kwa prosesa ya kawaida. Isipoenea, viini 64 vitakaa vikisubiri diski.

Ndiyo maana RAM naiweka namba moja. Iwe ya ECC, inayosahihisha biti moja ikigeuka. Bila hiyo, kosa linaweza kuandikwa kwenye diski, likaingia hadi kwenye bakapu, na asijue mtu.

Namba mbili ni diski, na hapa usiharakishe. Diski ya kuzunguka, hata ya mizunguko 15,000 kwa dakika, hutoa takriban maombi 200 ya hapa na pale kwa sekunde. SSD ya seva ya aina ya NVMe, yaani diski ya chipu isiyozunguka, hutoa mamia ya maelfu. SSD ya SATA, yenye kiunganishi cha polepole zaidi, inakaa katikati. Lakini kasi siyo ya kwanza kutazama. Muamala unapothibitishwa, hifadhidata huiamuru diski iandike moja kwa moja, isishikilie kitu kwenye kashe, kumbukumbu yake ya muda. SSD ya seva ina kapasita zinazoipa umeme wa kumalizia kuandika hata mkondo ukikatika. SSD nyingi za kompyuta za nyumbani hazina, kwa hiyo hupunguza mwendo mno zikilazimishwa kuandika, na baadhi hujibu "tayari" kabla ya kazi kwisha. Usinunue diski ambayo karatasi yake ya vipimo haitaji kinga hiyo.

Zipange kwa RAID 10, mpango wa kuunganisha diski kadhaa ambamo kila data hukaa kwenye diski mbili. RAID 5, inayoweka hesabu ya kurejeshea data badala ya nakala kamili, inaokoa nafasi, ila andiko dogo moja hugeuka kusoma mara mbili na kuandika mara mbili. Na RAID yoyote ile si bakapu.

Prosesa ni namba tatu. Kama unatumia programu ya hifadhidata ya Oracle au SQL Server, leseni zake hupimwa sana kwa viini, hivyo viini vichache vyenye kasi vinaweza kukuokolea fedha nyingi kuliko bei ya mashine yenyewe. Soketi moja, yaani nafasi ya prosesa moja, ikitosha, baki na moja. Ukiwa na mbili, prosesa moja hulazimika kufuata data kwenye RAM ya mwenzake, na safari hiyo inachelewesha.

Upande wa mfumo endeshi, chaguo langu la kwanza ni Linux yenye matengenezo ya muda mrefu: Debian, Ubuntu LTS, Red Hat, au ndugu zake Rocky Linux na AlmaLinux. Angalia tarehe ya mwisho wa matengenezo kabla ya kusakinisha. Waliotegemea CentOS 8 walitarajia kufika 2029, ikafungwa Desemba 2021. Windows Server ni ya pili, na inapanda juu pale timu yako inaijua vizuri na hifadhidata ni SQL Server, ingawa tangu toleo la 2017 hiyo nayo inakwenda kwenye Linux. Ya tatu ni FreeBSD. ZFS yake, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, hukagua kila kipande cha data kinaposomwa, jambo ninalolithamini sana kwa hifadhidata ya PostgreSQL, lakini Oracle na SQL Server hazitengenezwi kwa ajili yake.

Seva ikifika, usiipe data halisi siku hiyo. Ielemee kwa pgbench au chombo kingine cha kupimia, andika kwenye mashine ya pembeni kila muamala uliothibitishwa, kisha chomoa waya zote za umeme kazi ikiendelea. Iwashe, uhesabu. Ukikosekana hata muamala mmoja, na mipangilio ya hifadhidata haina kosa, rudisha diski kwa muuzaji.