Imeleta Jina Gani? Misimu Mitatu na Tamthilia ya Kila Jioni

Sitaitaja tamthilia hii kwa jina. Anayeitazama ataitambua kabla hajafika mbali, na asiyeitazama simshauri aanze sasa. Ni ya hapa hapa Nairobi, inaonyeshwa jioni Jumatatu hadi Ijumaa, na nimeifuata tangu sehemu ya kwanza mpaka msimu wa tatu ulipokwisha majuzi. King'amuzi nalipia mimi, na bando za kutazamia sehemu zilizonipita nanunua mimi. Kwa hiyo nitasema.

Sifa zake si haba. Picha ni safi, sauti inasikika bila kuongeza, na yule mama anayeigiza mama mkwe ni moto wa kuotea mbali: akinyamaza tu mezani, sisi nasi sebuleni tunanyamaza. Wanaodai kwamba tamthilia zetu zinaharibika kwa kukosa pesa waje waitazame hii. Pesa zimo, na zinaonekana. Hadithi ndiyo haimo.

Kisa kinaanza vizuri sana. Tajiri wa Karen, mtaa wa wenye nacho, anafariki, anaacha mjane na watoto, na kuna binti wa nje asiyemjua baba yake, anayeishi Kayole, mtaa wa watu wa kawaida. Mjane anamjua binti huyo. Yupo pia mtu mwingine anayeijua siri, na anamtisha mjane ili alipwe, la sivyo ataitoboa. Urithi na mtoto wa nje! Ni koo ngapi humu nchini hazijakaa kikao kwa jambo hilo? Nilivuta kiti karibu.

Halafu mjane akapokea ujumbe: atume shilingi laki mbili kwa namba fulani. Akatuma kwa M-Pesa. Kisha, msimu mzima, analia chumbani, anatembea bustanini, anamuuliza Mungu: huyu mtu ni nani?

Jamani. M-Pesa ipo tangu 2007. Kabla hujathibitisha malipo, simu inakuonyesha jina la unayemtumia, na ukishatuma, ujumbe unaoingia unalirudia jina hilo. Ukilipia mboga kwa simu, mama mboga mwenyewe anakuuliza, "Imeleta jina gani?" Dada yangu anafanya kazi kwenye duka la wakala wa M-Pesa mtaani Umoja, na usiku ule aliweka sahani chini akaiambia runinga, "Mama, si usome meseji!" Yeye alikuwa na swali la pili, la kikazi: huyo adui anazitolea wapi hizo pesa? Kwa wakala unaombwa kitambulisho. Mwandishi wa skripti anaishi mji huu huu, na bila shaka alilipia chai yake kwa simu siku aliyoandika tukio hilo.

Kinachoniuma ni kwamba tundu lenyewe lilikuwa mlango. Mlaghai mwenye akili angetumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Mjane angeona jina asilolijua kabisa, angelitafuta, angemfikia labda kijana wa mjengo aliyepoteza kitambulisho sokoni Gikomba na hana habari kwamba jina lake linapokea malaki. Hapo tungepata mtu mpya na hatari mpya, na sababu ya mjane kushuka kwenye gari lake na kuingia mitaa asiyoikanyaga. Binti wa Kayole angekuwa barabara ya tatu kutoka hapo. Badala yake tulipewa bustani na machozi.

Wasia nao ni hivyo hivyo. Siku ya mazishi, wageni hawajamaliza pilau, wakili anafungua bahasha sebuleni, anasoma, na kesho yake asubuhi kifungua mimba anabadilisha kufuli za nyumba ya Karen. Yeyote aliyewahi kufuatilia mirathi hapa Kenya anajua mambo hayaendi hivyo. Faili inapelekwa mahakamani, tangazo linachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Hata msimamizi akishapewa hati, kwa kawaida miezi 6 hupita kabla haijathibitishwa ili mali igawanywe. Na mtoto wa nje si mgeni mbele ya Sheria ya Urithi: anaweza kwenda kortini kudai fungu kama mtegemezi, hata kama wasia haukumtaja.

Waandishi wetu huona utaratibu huu unachosha, ndiyo maana wanauruka. Mimi naona ndiyo hadithi yenyewe. Siku 30 ambazo mjane anaomba binti asilione tangazo! Karani wa korti anayelitambua jina! Miezi 6 ya ndugu kukaa nyumba moja, kila mmoja akihesabu vijiko! Sheria imewapa saa inayogonga, bure, nao wameitupa.

Mengine nayapitia mbio. Plasta ya bendeji ilihama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia katikati ya mazungumzo. Mtu anatoka Karen saa kumi na mbili jioni, foleni ikiwa imekaza, anafika Kayole chai ya mwenyeji wake haijapoa. Njia hiyo tungependa sote kuonyeshwa. Mtoto wa chekechea wa msimu wa kwanza sasa yuko sekondari, ilhali shangazi yake bado ana mimba ile ile. Wanawake wanaamka na wanja. Haya nayasamehe, kwa sababu kipindi cha siku tano kwa wiki kinarekodiwa kwa haraka, matukio hayapigwi kwa mfuatano, na anayeandika sehemu ya leo huenda si yule aliyeandika ya jana.

Haraka hiyo lakini haielezi kwa nini siri yote inaishi kwa sababu moja tu: hakuna anayeuliza. Binti anaiona picha ya marehemu ikiwa na mama yake, anashtuka, muziki unapigwa, anairudisha mezani. Haulizi. Wakili anajua, anasema "kuna jambo," simu inalia, anaondoka. Harudi kulimalizia. Zamani tulikaa mbele ya Vioja Mahakamani, vichekesho vya kortini vya KBC, runinga ya taifa: kizimba na kiti cha hakimu na basi, na utamu wake wote ulikuwa maswali: shahidi anabanwa, anajikanyaga, uongo wake unamwangukia mbele ya watu. Vichekesho vile viliheshimu akili yangu kuliko msiba huu wa mamilioni.

Na sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu? Kifungua mimba amepata ajali, anahitaji damu. Binti wa Kayole, ambaye kwa bahati anafanya usafi hospitali hiyo hiyo, anajitolea. Daktari anatoka na karatasi, anavua miwani, anatangaza kwamba damu zao ni kundi O, zinalingana, kwa hiyo wao ni ndugu. Kundi O ndilo lililo la kawaida zaidi nchini. Kwa kipimo hicho mimi na kondakta wa matatu namba 58 tulizaliwa tumbo moja. Kundi la damu mara nyingine linaweza kukanusha kwamba fulani ni baba wa mtoto, lakini undugu haliwezi kuuthibitisha. Kwa hilo kuna kipimo cha DNA, ambacho kingechukua siku kadhaa za kusubiri, na watu wanaosubiri majibu ni tamthilia tosha. Misimu mitatu ya siri, na inafunguliwa na kitu ambacho hakithibitishi chochote.

Natoa nyota mbili kati ya tano, moja ya mama mkwe na moja ya mpiga picha. Kama unatazama huku unapiga pasi, itakufaa, maana hutakosa kitu ukigeuka. Kama wewe ni mtu wa kufuatilia nani alisema nini, itakupandisha presha. Mwezi ujao nahamia kifurushi cha chini, ingawa dada yangu ananisihi nisubiri kidogo: msimu wa nne umeshatangazwa, na kwenye tangazo tajiri wa Karen anashuka kwenye ndege JKIA, mzima, akiburuta begi.