“Dada, hii siyo blenda”: mimi na drili yangu ya betri

Nilikuwa juu ya ngazi, bega la kushoto limebeba kabati, mkono wa kulia umeshika drili, skrubu tatu nimezibana kwa midomo. Biti, ile ncha inayochomekwa mbele, ya milimita 8 ikaingia kwenye mbao mpaka nusu, ikagoma. Drili yenyewe haikugoma. Iliendelea kuzunguka kwa raha zake, biti imetulia tuli, na ule mdomo wa mbele unaoshika biti unaisaga shingo, kriiii. Nikavuta mkono. Drili ikaja, biti ikabaki imechomoza kwenye mbao kama kigingi cha kutundikia kofia.

Volti zimeandikwa kwenye boksi, kasome mwenyewe. Nilikuwa nayo wiki mbili, labda tatu. Nikaukaza ule mdomo kwa mkono hadi kiganja kikawa chekundu. Matundu matatu safi, la nne, kriiii. Biti nyembamba haikuwa na shida. Ni hizi nene kwenye mbao ngumu, pale panapotakiwa nguvu hasa. Na kila ilipoteleza, shingo ya biti ilizidi kuchubuka, na iliyochubuka haishikiki vizuri tena. Nikairudisha drili dukani.

Sasa nisikilizeni. Yule kijana wa kaunta hakuitoa hata kwenye begi. Aliniangalia mimi, akaliangalia begi, akasema: “Dada, hii siyo blenda. Fundi wako yuko wapi, nimweleze yeye?”

Nikamwambia fundi ni mimi. Akacheka. Akamwita mwenzake aje aone. Halafu akaichukua, akanipa mgongo, nikasikia kaka-kaka-kaka, akanirudishia biti ikiwa imebanwa. “Umeona? Mashine nzima. Tatizo mkono.”

Nione nini, wakati nilikuwa natazama mgongo wa shati lake?

Nilikuwa nimeshaamua kuipa nyota moja, na kama ingekuwepo nusu ningeipa hiyo. Usiku huo nikakaa chini, hasira zinanichemka, nikaanza kuifungua na kuifunga ili tu nimwonyeshe. Ndipo nikaona. Ndani ya ule mdomo mna taya tatu. Ukiingiza biti kwa haraka, inaweza kukaa pembeni, kati ya taya mbili, ile ya tatu haiigusi vizuri. Ukiishika unadhani imebana, ukiwasha ncha inachezacheza. Pili, ile pete ya kukazia, ikishafika mwisho, ukiendelea kuizungusha inalia kaka-kaka-kaka. Mimi nilikuwa naachia hapo hapo, nikiogopa kwamba navunja kitu. Kumbe huo mlio ndio kufuli! Yangu inataka isikike ikilia ndipo ujue imejifunga. Sentensi mbili, kaka yangu. Ungezisema bila hata kuinuka kwenye kiti.

Basi nikarudi kwenye kabati, na hapa lazima niwe mkweli: nilifurahi kama mtoto. Kazi ambayo bisibisi ingenitoa malengelenge viganja vyote viwili niliimaliza mchana mmoja, skrubu zaidi ya hamsini, mkono haukuuma. Ile pete nyingine yenye namba, ambayo niliidhania pambo, ndiyo inayoamua drili iache kusukuma lini. Nikiiweka namba ndogo, kichwa cha skrubu kikilala sawa na ubao inatoa trrr na kuachia. Kabla ya hapo nilikuwa nazizamisha kwenye chipbodi mpaka tundu linakuwa unga na skrubu inazunguka bure. Gia ya kwanza kwa skrubu, ya pili kwa matundu. Usifanye kinyume, utavitafuna vichwa vyote. Na ukiona vinatafunwa hata hivyo, soma herufi kwenye biti. PH (Phillips) na PZ (Pozidriv), aina mbili za msalaba wa skrubu, zinafanana mno, ila skrubu ya PZ ina vijistari vinne vyembamba katikati ya msalaba. Nimeharibu pakiti nzima kabla ya kuviona.

Nikapandisha nyota zikawa nne. Nikaanza hata kujiuliza kama yule kijana hakuwa na haki kidogo.

Halafu juzijuzi, kriiii. Safari hii nimekaza, nimesikia mlio, taya zote tatu zimeshika. Biti ikabaki kwenye mbao kama zamani. Nikaweka biti yenye shingo ya pembe sita, ikashika bila kuteleza. Kwa hiyo yawezekana ni ile biti niliyoichubua mwenyewe. Au taya zimelika, kwa zile wiki nilizozisagisha bila kujua, na hapo wa kulaumiwa ni aliyechora kile kitabu cha maelezo: mshale mmoja umejikunja, neno hata moja hakuna. Na betri nayo haichoki polepole ikakupa dalili. Inakata tu, skrubu ikiwa nusu ndani nusu nje, wewe juu ya ngazi.

Nyota tatu. Kabati linaning'inia, milango inafunga. Wala siirudishi tena, maana najua nitamkuta nani pale. Na blenda, kwa taarifa yake, sina.