Rezista ya feni inayokuja na soketi yake: nyota nne

Feni ya AC na hita ya gari langu ilikata namba moja hadi tatu, ikabaki kupuliza namba nne tu. Kwenye magari mengi yenye swichi ya namba, kasi ya juu kabisa huiruka rezista, yaani kipande kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole: umeme huenda moja kwa moja kwenye mota. Kwa hiyo fyuzi ilikuwa hai, mota ilikuwa hai, na mgonjwa alijulikana. Nikanunua hii, ambayo si orijino.

Nimeichagua kwa sababu ya soketi mpya na vipande vya waya vilivyomo kwenye boksi. Soketi ya zamani ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, pini imekuwa nyeusi. Ukichomeka rezista mpya kwenye soketi kama hiyo, pini iliyolegea itapata moto tena na utarudi kununua nyingine. Waya za hii ni nene, na pini zinashika kwelikweli. Kwangu ilifungwa kwa skrubu mbili tu chini ya dashibodi, ingawa nafasi ni finyu mno. Sasa namba zote zinapuliza, na hata baada ya safari ndefu soketi ni vuguvugu tu.

Nyota moja naikata kwa karatasi ya maelekezo. Inaonyesha rangi za waya, haisemi lolote kuhusu chanzo cha rezista kuungua, na rezista haiungui bure! Imewekwa ndani ya njia ya hewa makusudi ili upepo uipoze. Filta ya kabini ikiziba, inachemka. Yangu ilijaa majani makavu. Mota yenye beringi ngumu nayo huvuta umeme mwingi na kuichoma. Zima gari, zungusha feni kwa mkono. Ikigoma au ikikwaruza, shughulikia mota kwanza.

Kama feni haizunguki namba yoyote, usianze na spea hii. Angalia fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), kisha weka taa ya kupimia kwenye plagi ya mota, swichi ikiwa namba ya juu. Taa ikiwaka na ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) ni nzima, mota ndiyo mbovu. Ikiamka ukiigonga kidogo, kaboni (brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota) zimekwisha.

Wenye AC inayojirekebisha yenyewe, wengi wenu mna moduli ya transista (kifaa cha kielektroniki kinachodhibiti kasi ya feni) badala ya rezista. Chomoeni ya zamani mlinganishe plagi kabla ya kulipa.