Surge XT: Rasti na Bayati kwenye kinanda cha kompyuta

Sikilizeni kwanza, kabla sijasema neno. Do, Re, Mi, Fa. Sasa hii nyingine. Do, Re, Mi, Fa. Mmeisikia ile Mi? Kibonye ni kilekile na kidole ni hikihiki. Ya kwanza ni Mi ya piano, ya pili ni Mi ya udi.

Assalaam alaykum wenzangu, karibuni tena chumbani kwangu hapa Langoni, Lamu. Dirisha nimeliacha wazi kwa ajili ya joto, basi mkisikia punda au mashua ya injini, ndio mji wetu. Leo nachambua programu iitwayo Surge XT. Ni sintesaiza, yaani kinanda kizima kilichomo ndani ya kompyuta. Sauti zake zina wachambuzi wengi, mimi nitazipita upesi. Nataka tukae kwenye mambo mawili yanayotuhusu sisi wa taarabu: jinsi ya kuitawala kwa MIDI, yaani lugha ya namba ambayo kinanda huongea na kompyuta, na jinsi ya kuityuni.

Hailipiwi hata shilingi. Ilianza kama bidhaa ya kuuzwa ya Vember Audio, mwaka 2018 mwenyewe akaufungua msimbo wake kwa watu wote, na toleo la XT likatoka mwaka 2022 kwa kazi ya watu wa kujitolea. Inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa simu haipo, na hilo najua litawaumiza wengi wenu, kwa sababu vijana wengi hapa muziki wao wote unatengenezwa kwenye simu.

Niwaambie kwa nini nimeihangaikia. Nilikuwa napiga kinanda pamoja na ami mmoja wa mtaani kwetu, mpigaji udi wa siku nyingi. Tukafika kwenye wimbo wa Rasti, mojawapo ya maqam, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, akausimamisha mkono wake juu ya nyuzi, akaniambia: "Mwanangu, kinanda chako kizuri, lakini hiyo Mi yako haiko kwao." Hakunikaripia. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Nikarudi nyumbani nikaanza kuitafuta hiyo kwao.

Jambo la kuelewa ni kwamba MIDI haibebi sauti. Tangu ilipotoka mwaka 1983, kinachopita kwenye waya ni namba. Ukibonyeza Do ya katikati, kinanda kinasema "60, imebonyezwa kwa nguvu kiasi hiki". Basi. Ni sintesaiza ndiyo inayoamua hiyo 60 ilie vipi. Kwa hiyo Mi ya piano haikuandikwa popote kwenye kinanda chenu. Ni uamuzi wa programu, na programu ikikubali kubadilishwa, Mi inahama.

Najua wengi mnatumia gurudumu la kupinda sauti. Mnapiga Mi, mnalishusha kidogo kwa mkono wa kushoto. Nimefanya hivyo miaka. Tabu yake ni mbili: gurudumu linapinda kila noti iliyo kwenye chaneli hiyo, kwa hiyo ukiwa umeshika Do chini nayo inashuka, halafu mkono wa kushoto umefungwa, huna wa kupigia besi. Vipo vinanda vyenye vitufe maalumu vya robo toni, yaani nusu ya hatua ya kibonye kimoja hadi kinachofuata, lakini bei yake si ya watu wa kawaida.

Sasa tazameni skrini. Surge inasoma faili za Scala, mtindo wa kuandika skeli, yaani ngazi za noti, ulioanzishwa na Manuel Op de Coul wa Uholanzi. Hifadhi yake ina skeli zaidi ya 5,000, mnaweza kupakua zote. Mimi nawashauri muandike ya kwenu, kwa sababu ni maandishi matupu, yanaandikika kwenye programu yoyote ya kuandikia. Hii yangu, nimeiita rasti.scl. Mstari unaoanza na alama ya mshangao ni maelezo tu, programu inauruka. Kisha jina: Rasti ya Do. Kisha 12, idadi ya noti. Halafu noti zenyewe kwa senti, kila moja mstari wake: 100.0, 200.0, 300.0, 350.0, 500.0, 600.0, 700.0, 800.0, 900.0, 1000.0, 1050.0, na mwisho 2/1, yaani oktavo. Do yenyewe haiandikwi, ndiyo sifuri.

Nusu toni moja ni senti 100. Kwenye piano Mi iko 400 na Si iko 1100. Mimi nimezishusha hizo mbili tu, kila moja senti 50, yaani robo toni. Vibonye vingine 10 sijavigusa.

Na hapa ndipo nilipofurahi mpaka nikamwita mke wangu aje asikie. Faili hii niliiandika kwa Rasti, lakini hebu nianze kwenye Re: Re, Mi, Fa, Sol, La, halafu kibonye cheusi cha Si bemoli, Do, Re. Hiyo ni Bayati! Mi ileile iliyoshuka ndiyo inayohitajika, na Si bemoli iko mahali pake. Sasa Re, Mi bemoli, Fa diyezi (kibonye cheusi cha juu ya Fa), Sol. Hijazi, na haikuhitaji robo toni yoyote. Maqam tatu kwenye faili moja, bila kugusa kipanya. Nyimbo nyingi ninazopiga harusini zinamalizikia humo.

Angalizo moja, na limenigharimu usiku mzima. Ile nukta baada ya namba ni lazima. Mara ya kwanza niliandika 350 tupu. Scala ikiona namba isiyo na nukta inaisoma kama uwiano, 350 kwa 1, na hiyo ni zaidi ya oktavo 8 juu ya Do. Kibonye cha Mi kikawa hakitoi kitu cha maana. Nikabadilisha waya, nikazima na kuwasha kompyuta, nikadhani kinanda kimekufa. Kumbe nukta.

Kuipakia ni rahisi: shika faili kwa kipanya, iburute, iangushe juu ya dirisha la Surge. Kitufe kilichoandikwa Tune kinawaka. Ukikibonyeza unarudi kwenye tyuni ya kawaida, ukikibonyeza tena unarudi kwenye yako. Hiki nakipenda sana kwa kufundishia, kwa sababu mwanafunzi anasikia tofauti papo hapo, kama mlivyosikia mwanzoni.

Sasa mwimbaji akikwambia Do ni chini mno kwake, anataka Fa? Hapo faili ya pili inaingia, ya kbm, inayosema skeli ianzie kibonye gani na noti ipi iwe kipimo. Wengi wataandika mwanzo 65, ambayo ni Fa, na kipimo wataacha kibonye 69 kwa herzi 440, yaani La ya kawaida. Ngojeni. Ukianzia Fa, La ndiyo inakuwa noti ya tatu, ileile iliyoshushwa robo toni. Ukiilazimisha kubaki 440, Fa yote inapanda robo toni, na utakuwa umeachana na akodiani na fidla kabla wimbo haujaanza. Kipimo kiwekeni kwenye Fa yenyewe: kibonye 65, 349.228. Ukianzia Sol haikusumbui, maana La pale ni noti ya pili na haijaguswa.

Gurudumu sasa linabaki kwa kazi yake ya haki, madoido. Mimi nimeliwekea mpaka wa nusu toni 1 juu na 1 chini badala ya 2 za kawaida, mkono unapata utulivu. Kwenye menyu ya tyuni kuna uchaguzi: tyuni itumike pale MIDI inapoingia, au baada ya mabadiliko yote. Chagueni ya kwanza. Ukichagua ya pili, kupinda kunafuata ngazi za skeli yako, na kutoka Mi bemoli hadi Mi ni senti 50 peke yake, kwa hiyo gurudumu linakuwa na urefu tofauti kila noti. Kidole hakiwezi kulizoea.

Tuje kwenye nobu, vile vifundo vya kuzungusha. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya slaida yoyote, chagua MIDI Learn, zungusha nobu ya kinanda chako, imeshashikana. Ni vizuri, isipokuwa programu inashika nobu ya kwanza kutuma namba. Kinanda changu kimekaa miaka kwenye hewa ya chumvi, na nobu moja imeingia kutu ndani, inatuma namba yenyewe bila kuguswa. Kila nikitaka kuifunga nobu kwenye filta, ile inayokata ukali wa sauti, Surge inaishika ile mbovu. Kama yako ina maradhi hayo, usitumie kujifunza. Kwenye menyu hiyohiyo chagua namba ya kidhibiti kwa mkono. Pia zipo makro 8, yaani slaida ambazo kila moja unaweza kuipa kazi yako, ambazo tayari zimewekwa kwenye namba 41 hadi 48, basi kinanda chako kikiweza kutuma namba hizo, umemaliza bila kujifunza chochote. Ukimaliza, nenda kwenye menyu ya MIDI uufanye mpangilio huo uwe wa kudumu, usije ukaurudia kesho.

Ucheleweshaji, yaani muda kati ya kubonyeza na kusikia: bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta huliandaa kwa mara moja) ya sampuli 512, kwa sampuli 44,100 kila sekunde, ni karibu milisekunde 12, na kwa ngoma za haraka mkono wangu unaisikia. Shukeni hadi 128 kama kompyuta inabeba.

Kasoro. Maandishi ni madogo na slaida ni nyingi, mtu mgeni atapotea. Ikuzeni skrini kwanza. Nyingine ni nzito zaidi kwangu: kubadilisha tyuni katikati ya wimbo kunataka kipanya, na harusini mkono wa kushika kipanya haupo. Wakati wa kuhifadhi sauti unaweza kutia alama ili tyuni ikae ndani yake, na hilo linasaidia kati ya wimbo na wimbo. Kwa kurekodi naipa alama zote. Kwa jukwaani, ipangeni kabla hamjatoka nyumbani.

Juzi nilimchukulia ami kompyuta hadi barazani kwake. Nikampigia Rasti, akasikiliza macho kayafumba, akasema, "Ipandishe, kidogo tu." Nikafungua faili, 350.0 nikaifanya 355.0, nikaiburuta tena. Akatikisa kichwa kukubali. Nikahamia Bayati kwenye Re, akafumbua macho: "Hapa sasa iteremshe." Mi ileile! Kwenye Bayati wapigaji udi huishika chini kuliko kwenye Rasti, na hesabu ya robo toni zilizo sawa haikuambii hilo. Nikaweka 345.0. Akachukua udi wake, tukapiga pamoja mpaka adhana ya magharibi.

Faili zote mbili nimezihifadhi, rasti na bayati. Naanza na ya Rasti sasa, kisha naibadilisha mbele yenu. Tegeni sikio kwenye Mi.