Fundi wa chini ya mwembe Fuoni, na mlio wa Premio langu

Wiki hii nimeulizwa na watu watatu ni fundi gani aliyelinyamazisha gari langu, na kila mmoja nimemjibu nusunusu kwa simu, mkono mmoja umo kwenye unga. Bora niandike mara moja, asome anayetaka.

Gari ni Toyota Premio ya mwaka 2004, imekuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika kama gari nyingi za hapa kwetu Unguja. Ndilo gari la nyumba nzima. Asubuhi linapeleka watoto skuli, jioni linawapeleka chuoni, na katikati linabeba keki, kwa sababu kazi yangu ni keki za harusi. Keki ya tabaka tatu naisafirisha sakafuni, mbele ya kiti cha abiria, nimetandika kitambaa kibichi ili sinia lisiteleze. Redio nazima, naenda pole, na sikio lote liko kwenye njia. Ndiyo maana mlio huu niliusikia mimi mwanzo kabla ya mume wangu.

Ulianza baada ya masika. Mbele, upande wa kushoto, kwata-kwata-kwata, mfano wa kokoto ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kwenye lami nzuri kimya. Nikiiacha lami na kuingia njia yetu ya ndani, ile ya kifusi na mawe ya matumbawe, mwendo wa kilomita 20 kwa saa tu, unaanza. Nikisimama, hakuna. Nikiongeza mwendo, unapotea ndani ya kelele nyingine.

Gereji ya kwanza niliyokwenda sitaitaja, ila yaliyotokea nitayasema. Kijana alipiga jeki upande mmoja, gurudumu likaning'inia, akalishika akalitikisa mara mbili, akasema: shokapu, yaani vile vyombo vinavyomeza mtikisiko wa njia. Kutazama kwake kote dakika 5. Nikalipa shilingi 280,000, shokapu mbili za mbele 240,000 na ufundi 40,000. Hiyo ni faida yangu ya harusi nne. Nikatoka pale nimeridhika, nikakata kona ya nyumbani, na njia ni ileile: kwata-kwata-kwata. Niliporudi nikaambiwa shokapu mpya lazima zizowee gari, nizipe wiki mbili. Wiki mbili zikapita. Niliporudi tena nikaambiwa basi ni raki ya usukani, kile chombo cha chini kinachogeuza magurudumu, ibadilishwe nzima, 450,000. Nikasema ahsante, nikaondoka.

Wifi yangu ndiye aliyenambia, nenda kwa yule mzee wa chini ya mwembe. Gereji haina kibao. Ni uwanja wenye shimo la kuingilia chini ya gari, limejengwa kwa matofali, banda la mabati la kuwekea vyombo, na mwembe mkubwa. Mzee mwenyewe na vijana wake wawili, basi.

Nilifika saa 3 asubuhi. Nikasalimu, akaitika, "Waalaykum salaam, mwanangu, gari lina nini?" Nikamwambia nimeambiwa raki. Akasema, "Usinambie ulichoambiwa. Nambie unachosikia." Akaanza kuuliza. Umeanza lini? Upande gani? Njia gani? Ukiwa na watu au mtupu? Ukikata kona unazidi au uleule? Boneti hakuifungua, spana hakuishika.

Halafu akaniuliza, "Huwa unakwenda shamba?" Nikamjibu kila baada ya wiki mbili nakwenda Makunduchi kwa mama.

"Tuta la Jozani linasemaje?"

Ikabidi nifikiri. Wanaopita njia ile wanayajua matuta ya kwenye msitu wa Jozani, yaliyowekwa kuwakinga kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, wasigongwe na gari. Ni marefu, yanakamata njia nzima, na gari linayapanda kwa magurudumu mawili ya mbele kwa pamoja. Nikakumbuka, na nikashangaa kwamba siku zote hizo sijaliona hilo: pale gari halisemi kitu. Linapanda, linashuka, kimya. Nikamwambia hivyo.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, akachukua kijiti, akanichorea mchangani. Chini ya gari kuna rodi ya chuma, inatoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia, wenyewe wanaiita stabilaiza. Kazi yake ni kulizuia gari lisilale upande kwenye kona. Kila ncha ya rodi imeshikwa na linki, kijiti cha chuma chenye kichwa cha mviringo juu na chini kinachocheza ndani ya kikombe chake. Magurudumu yakipanda pamoja, rodi nayo inazunguka tu, haivutwi. Likipanda moja peke yake, kama kwenye mashimo ya njia yetu, rodi inasokotwa, na linki ndizo zinazovuta na kusukuma. Linki ikilika, hapo ndipo inapogonga. "Lakini hilo ni dhana," akasema. "Tulitazame."

Hapa ndipo nilipompendea. Jibu alikuwa nalo kichwani, na bado hakunitoza kwa jibu la kichwani. Kwanza alinitaka nitoe kila kilichomo kwenye buti. Masinia, stendi zangu za chuma za keki, jeki, tairi la akiba akalikaza nati yake mwenyewe. Akasema gari nyingi huletwa kwake zinalia, na kinacholia ni jeki. Kisha akakaa kiti cha abiria, tukaenda mpaka njia ya kifusi. Mlio ulipoanza akanambia niguse breki kidogo, nisisimame. Kama ni pedi za breki au kalipa inayozishika zimelegea, mlio ungebadilika au ungekatika. Haukubadilika. Tukarudi, gari limesimama, nikawa nazungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, na yeye kaweka kiganja juu ya springi ya mbele. Mauntini, yaani kishikizo cha juu cha shokapu, ikiwa imekufa, springi hurukaruka mkononi. Haikuruka. Shokapu akazipangusa kwa kitambaa, kavu, hazivuji. Bila shaka, ni mpya.

Ndipo gari likaingizwa juu ya shimo, magurudumu yote yanakanyaga chini. Nikamuuliza mbona hapigi jeki. Akanieleza jambo ambalo nataka kila mwenye gari alijue: ukipiga jeki upande mmoja, gurudumu likining'inia, rodi inavutika na linki inakazwa kwa nguvu. Hapo hata iwe imelika namna gani, ukiitikisa haichezi. Inajificha. Lazima gari likae kama linavyokaa njiani, au linyanyuliwe pande zote mbili sawa.

Akaishika linki ya kushoto kwa vidole vitatu, akaitikisa. Kata-kata. Mlio ni uleule ninaoujua, ila sasa uko karibu na mdogo. Akaniita niingie shimoni niushike mwenyewe, na nikaingia na baibui langu nimelikunja. Nikaitikisa. Ya kulia nayo ilicheza, kidogo.

Hakuishia hapo. Alipitia na viungo vingine vya magurudumu ya mbele: aliingiza mtaimbo kwenye boljointi, akatikisa tairodi, akatazama bushi, yaani mipira, za mikono ya chini. Bushi moja ya nyuma imeanza kupasuka kwa juu juu. Nilimtazama nikisubiri bei. Akasema, "Hii iache. Bado ina maisha. Ije miezi sita tuitazame." Mtu ambaye angeweza kuniuzia bushi saa ile ile, na ningenunua.

Sasa jambo lililoniuma. Kwenye Premio hii linki imefungwa kwenye mwili wa shokapu. Huwezi kutoa shokapu bila ya kuifungua linki. Mzee akanionesha nati mbili za juu, zinang'aa, hazina kutu, spana imepita juzi. Nati za chini nyekundu kwa kutu, hazijaguswa miaka. Maana yake fundi wa kwanza alikuwa na linki mbovu mkononi mwake, akaisogeza pembeni, akafunga shokapu mpya, kisha akairejesha vilevile. Mzee hakumsema mtu kwa ubaya. Alisema tu, "Aliishika, hakuitikisa."

Akafungua zile nati za juu, akazifunga linki pembeni kwa waya, akanambia nikaendeshe njia yangu ya kifusi, pole, nisikate kona kwa kasi kwa sababu gari litalala. Nikaenda. Miezi miwili ya kokoto kichwani, na sasa nasikia matairi yanasaga mchanga tu. Nilirudi machozi yananilenga, wallahi.

Spea hakuninunulia yeye. Alimpa kijana atoe linki ya kushoto, nati ya chini ikakataa. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma, na kijiti cha ndani kikawa kinazunguka pamoja na nati, hata ikabidi ikatwe kwa msumeno. Nikapewa ile mbovu mkononi, niende nayo kwenye maduka ya spea Mwanakwerekwe nilinganishe urefu na unene. Na akanifundisha kuinunua: shika kichwa cha linki mpya, kisukume kwa dole gumba. Kiwe kigumu, kisogee polepole na kibaki pale ulipokiacha. Mpira wake uwe mzima, umekaza, una grisi ndani. Njiani kwenye daladala niliishika ile ya zamani nikaitazama vizuri. Mpira umechanika nusu duara, ndani grisi imekauka imekuwa uji wa mchanga mwekundu, na kichwa kinaanguka chenyewe upande wowote ninaoilaza, bila ya kusukumwa. Kitu cha kiganja kimoja.

Dukani nilikataa jozi ya kwanza kwa sababu kichwa kimoja kilikuwa laini. Muuzaji alinitazama, kisha akatoa boksi jingine. Linki mbili 60,000, na mipira miwili ya rodi 15,000, kwa kuwa ya zamani imekuwa migumu na mzee alitaka ibadilishwe wakati mmoja. Ufundi wake 25,000. Jumla 100,000 kamili. Linki alibadilisha mbili ingawa ya kulia ilikuwa na nafuu, kwa kuwa zimeanza kazi siku moja na hiyo nayo ilikuwa inaelekea huko.

Akaniongezea jambo ambalo sikuliuliza. Alipitisha kiganja kwenye matairi ya mbele, akanionesha ukingo wa ndani umeanza kuliwa. Linki hazigusi mkao wa matairi, akasema, ila shokapu zikitolewa na kufungwa, mkao unaweza kuhama, na waliozifunga walipaswa kukwambia ukapime alaimenti. Yeye mashine hana, akanituma kwingine. Nimeshapima, na kweli upande wa kushoto ulikuwa umekwenda.

Mapungufu yapo na nitayasema, kwa sababu nampenda mzee lakini nyinyi mtakwenda na wakati wenu. Ni taratibu mno. Niliingia saa 3 asubuhi, nikatoka baada ya alasiri, na siku hiyo keki moja nilimwomba mdogo wangu aimalizie. Simu hapokei akiwa shimoni, na mara nyingi yumo shimoni. Risiti hakuna, kwa hiyo kama gari ni la ofisi na unahitaji karatasi, itakuwa taabu. Mwanamke hana pa kukaa ila juu ya tairi kuukuu chini ya mwembe. Nilimwambia aweke hata benchi moja, akasema inshaallah. Na mlango wangu ulikuwa na alama ya vidole vya grisi, nikauosha kwa sabuni ya kuoshea vyombo.

Jumapili iliyopita nimekwenda nalo Makunduchi. Mama akaingia, tukapita ile njia ya mawe kuelekea kwa shangazi, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, hili gari jipya?"

Ukitoka Mwanakwerekwe kuja Fuoni, muulize mwenye bodaboda yeyote mzee wa chini ya mwembe. Anaanza saa 2 asubuhi. Ijumaa hufunga kabla ya sala na harudi mpaka alasiri. Nenda na buti tupu, na kabla hujafika kumbuka gari lako linafanyaje kwenye tuta na linafanyaje kwenye shimo, kwa sababu atakuuliza.