Welney, Norfolk: usiondoke kabla ya giza

Mara ya kwanza kwenda Welney, kituo cha kutazama ndege wa majini mashariki mwa Uingereza, sikufika. Ilikuwa Januari. Mimi na mwanangu tulitoka Peterborough saa sita mchana, tukapita mji wa March, na tulipokipita kijiji chenyewe tukakuta barabara ya A1101 imezama. Si dimbwi la kupita kwa mwendo wa pole. Barabara ilishuka ndani ya maji ikapotea kabisa, zikabaki nguzo za kupimia kina peke yake. Nikageuza gari, na mtoto akanuna hadi nyumbani.

Naanza na hilo kwa sababu kila anayetoka upande wa magharibi lazima alijue. Kituo kiko ng'ambo ya uwanda wa mafuriko, na majira ya baridi barabara hiyo hufungwa mara kwa mara, pengine kwa wiki nzima au zaidi. Ikifungwa, huna budi kuzunguka kupitia Downham Market, na hiyo ni nusu saa nyingine na ushee. Ulizia hali ya barabara kabla hujawasha gari. Asiye na gari ashuke treni Littleport achukue teksi, na teksi ya kumrudisha aiagize mapema, maana giza likishaingia kule ni mashamba matupu na upepo.

Tangu siku ile nimekwenda misimu mitatu ya baridi mfululizo, na nasema bila kusita kwamba sijapata mahali pengine Uingereza panaponituliza moyo kama pale. Lakini kuna namna ya kwenda.

Welney ni moja ya vituo vya Wildfowl and Wetlands Trust, shirika la kuhifadhi ndege wa majini na ardhi oevu lililoanzishwa na Peter Scott mwaka 1946 kule Slimbridge, Gloucestershire. Huyu ni mtoto wa yule Kapteni Scott aliyefia kwenye barafu mwaka 1912 akirudi kutoka Ncha ya Kusini. Katika barua yake ya mwisho kwa mkewe aliomba mtoto wao afundishwe kupenda viumbe na mazingira. Mimi ni mama, na kila ninapokaa pale na mwanangu ubavuni naikumbuka barua ile.

Uwanda wenyewe unaitwa Ouse Washes. Katika karne ya 17 mhandisi Mholanzi, Cornelius Vermuyden, aliajiriwa kukausha mabwawa ya eneo la Fens. Akachimba mifereji miwili mirefu iliyonyooka sambamba, na kati yake ukaachwa ukanda wa ardhi wa takribani kilomita 30, ili mto Great Ouse ukijaa, maji yapate pa kukaa yasizamishe mashamba. Hadi leo kazi ni hiyo hiyo. Kiangazi ng'ombe wanalisha humo. Baridi inakuwa ziwa. Na ziwa hilo ndilo linalowaita batamaji, wale ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu, kutoka kaskazini ya mbali.

Sasa, kosa wanalofanya wageni wengi, nami nililifanya siku nilipofika kwa mara ya kwanza: wanakuja saa tano, wanavuka daraja la miguu hadi jengo la kutazamia ndege, wanaona batamaji wachache na bata wengi, wanapiga picha, wanarudi kunywa chai, na saa tisa alasiri wako njiani kurudi kwao. Wanaondoka wakisema pazuri, basi. Nilikuwa nachukua koti langu mzee mmoja wa Kiingereza aliyekaa karibu nami aliponiona, akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nilikuwa na haraka. Nikasema hapana. Akasema, basi kaa.

Mchana batamaji hawapo pale. Wametawanyika mashambani kwenye udongo mweusi wa Fens, wanaokota mabaki ya viazisukari na viazi mbatata yaliyobaki baada ya mavuno, na kula majani machanga ya ngano. Wanarudi majini jua likizama, kwa sababu juu ya maji mbweha hawafikii. Mwanzoni mwa Januari jua linazama karibu saa kumi jioni. Kwa hiyo tamasha linaanza pale ambapo wengi wameshafunga milango ya magari yao.

Unawasikia kabla hujawaona. Ni sauti ya baragumu, nzito, yenye milio miwili mitatu, na inatoka juu na mbali. Kisha mstari mweupe unatokea juu ya tuta, watano, kumi na wawili, familia kwa familia, baba na mama mbele na watoto wao wa kijivu nyuma. Hawa ni wale wanaoitwa whooper, waliovuka mamia ya kilomita za bahari tupu kutoka Aisilandi, na watoto wale wa kijivu waliivuka wakiwa na umri wa miezi michache tu. Ndege mmoja ana uzito wa kilo 9 hadi 11. Anaposhuka anatanguliza miguu, anateleza juu ya maji kama mtu anayefunga breki, na mawimbi yake yanafika hadi chini ya dirisha lako. Halafu wengine. Halafu wengine tena, kutoka pande zote, hadi unaacha kuhesabu. Kila familia inapotua inajitangaza, shingo juu, mabawa nusu wazi, na majirani wanajibu. Ndani ya nusu saa maji yaliyokuwa ya kijivu yamekuwa meupe.

Jengo la kutazamia lina vioo vikubwa na, kwa wale tunaohofia baridi, lina joto ndani. Hili si jambo dogo. Nimekaa kwenye vibanda vingine vya mbao nchini humu ambavyo vidole vilikufa ganzi nikashindwa kushika darubini. Hapa mzee na mtoto wanakaa saa mbili bila taabu. Ukitaka baridi halisi, vibanda vya kando vipo pia, na sauti inasikika vizuri zaidi huko. Mimi huenda dakika kumi nikarudi.

Siku nilizokwenda, mhifadhi alitoka na toroli la nafaka akatembea ukingoni akimwaga, huku mwenzake ndani akieleza kwa kipaza sauti. Taa kubwa zinawashwa juu ya maji, na ndege hawajali. Saa za kulisha hubadilika, kwa hiyo zitazame kabla ya kwenda. Chini ya taa ndipo wanaposogea karibu pochard, bata wenye kichwa chekundu cha hudhurungi na mgongo wa kijivu. Mwanangu aliuliza kwa nini karibu wote ni madume. Jibu ni kwamba majike wengi huenda kusini zaidi kukaa majira ya baridi, madume wanabaki huku. Alifikiri kidogo akasema si vizuri kuachana. Nikamwambia masika wanakutana.

Lakini ndege ninayemwendea hasa ni mwingine. Kati ya mamia ya whooper, tafuta batamaji mdogo kidogo, mwenye shingo fupi, ambaye rangi ya njano mdomoni imekomea juu karibu na macho na sehemu kubwa ya mdomo ni nyeusi. Kwa whooper njano inachongoka mbele kama kabari, inapita matundu ya pua. Huyu mdogo ni batamaji wa Bewick, aliyepewa jina la Thomas Bewick, mchonga picha za mbao. Ametoka tundra ya Urusi, takribani kilomita 3,500. Peter Scott aligundua miaka ya 1960 kwamba hakuna wawili wenye mdomo wa mchoro mmoja, akaanza kuwachora na kuwapa majina, mmoja mmoja, kama mwalimu na darasa lake.

Nao wanapungua. Mwaka 1995 kundi la Ulaya ya kaskazini-magharibi lilihesabiwa kuwa karibu 29,000. Mwaka 2010 walikuwa karibu 18,000, na mwaka 2020 karibu 13,000. Wengine hawafiki tena Uingereza kwa sababu baridi imelegea, wanaishia Ujerumani au Uholanzi. Lakini si wote waliobaki njiani: kuna wanaogonga nyaya za umeme, wanaopigwa risasi kinyume cha sheria, na wanaomeza vipande vya risasi za bunduki, ambazo ni za madini yenye sumu, kutoka kwenye matope. Msimu wangu wa kwanza nilionyeshwa kumi na mmoja. Msimu uliopita nilikaa saa mbili nzima nikawapata wawili, jike na dume, wamelala pembeni na vichwa chini ya bawa. Niliwatazama hadi taa zilipozimwa. Ilikuwa vigumu kuondoka.

Kuna mengine ya njiani. Korongo wa kijivu, waliotoweka Uingereza miaka 400 hivi iliyopita na kurejea Norfolk wenyewe mwaka 1979, huonekana mashambani kwa makundi. Yangeyange wakubwa wapo. Na jioni, juu ya tuta, bundi mweupe hupita kimya akiwinda panya. Nimelelewa kuambiwa bundi ni ndege wa mkosi, akilia juu ya paa watu wanasoma dua. Nilipomwona huyu mara ya kwanza mwili ulinisisimka kwa hofu ya zamani, kisha akageuza uso wake wa umbo la moyo upande wetu, hofu ikaniisha. Mwanangu hana hofu hiyo kabisa, na nimeamua kutomrithisha.

Mgahawa uko ghorofani, madirisha yake yanatazama Lady Fen, sehemu ya ardhi oevu ya kituo, na mara nyingi ndege unawaona ukiwa na bakuli la supu mkononi. Kula kabla ya kuvuka daraja.

Darubini: chukua yenye maandishi 8x42. Namba ya kwanza ni mara inazokuza vitu, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita, na jioni upana ndio unaokusanya mwanga. Mimi nilianza na 10x25 niliyouziwa dukani, duka sitalitaja, kwa maelezo kwamba inavuta karibu zaidi. Inavuta kweli, lakini ikifika saa kumi unaona kivuli tu. Vaa viatu visivyopitisha maji na soksi mbili. Na usivunje ukimya ndani ya jengo. Watu wanazungumza kwa kunong'ona, kama msikitini kabla ya hotuba.

Tulipotoka safari iliyopita maegesho yalikuwa giza totoro. Mwanangu alisimama na mkono kwenye mlango wa gari, akakataa kuingia. Ng'ambo ya tuta sauti zilikuwa zinaendelea, maelfu, zinapanda na kushuka. Aliniomba tuzime tochi. Tunarudi Jumamosi ya pili ya Februari kabla hawajaanza safari ya kurudi kaskazini, na ameshaandika daftarini mwake mistari miwili: mmoja wa whooper, mmoja wa Bewick.